Mstari wa Karani

Kiti cha karani kilikuwa na joto. Na karani mwenyewe saa nzima hakukikalia, alikuwa nje akila sahani moja na Fundi, wakisengenya watu kama kawaida yao. Fundi akauondoa mkono wake kitini. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Karani alikuwa wifi yake Fundi, dada wa mumewe, na Fundi huyo wa kompyuta ndiye aliyemtafutia kazi pale zahanati. Sasa kazi yenyewe ilikuwa inaota mbawa. Kuna mtu alikuwa akifungua mafaili ya wagonjwa kwa jina la karani, na Daktari Mkuu alishasema: Ijumaa saa nne asubuhi, kama mchezo haujakoma, karani achukue barua yake aende nyumbani.

"Wifi, niambie ukweli. Hukumpa mtu neno lako la siri?"

"Hata wewe unanishuku?" karani akanong'ona. "Mwenzako usingizi siujui."

Kumshuku alimshuku, tena kwa aibu. Wiki mbili nyuma Fundi alikuwa amefanya kazi ya kusifiwa. Zamani kumbukumbu za walioingia kwenye mfumo zilikaa kwenye mashine ya ofisini. Umeme ukikatika, wote wanatupwa nje, waanze upya huku wagonjwa wakinung'unika. Akazihamishia kwenye hifadhidata ya wingu, kwenye mashine za mbali zisizozimika. Huko kila aliyeingia ana mstari wake, na mstari usipoguswa nusu saa unajifuta. Ukiguswa, hata kwa kufunguliwa na kutazamwa tu, nusu saa inaanza upya. Alipanga hivyo mwenyewe, watu wasisumbuke.

Sasa mstari wa wifi yake alikuwa akiuchungulia kila dakika tano, kama maziwa jikoni. Akiufuta, unarudi kabla hajainua kidole.

Ijumaa asubuhi mama mkwe akaleta mganga, bibi mfupi mwenye miwani, kompyuta haijui wala haitaki. Alinusa chumba, akauliza jambo moja.

"Umeme ulipokuwa unakatika, nani alibaki ndani?"

"Hakuna. Wote walitoka."

"Basi huyo asiye mtu naye alikuwa anatoka nao. Wewe umemjengea nyumba isiyoingia giza, halafu kila saa unampigia hodi."

Fundi akamweleza habari ya mstari na nusu saa yake.

"Ukimfukuza anarudi kwa ubishi," mganga akasema. "Mwache asahaulike. Nusu saa usimguse, usimtazame; hana uhai ila wa macho yako. Mwenye jina akangoje getini."

Ilikuwa saa tatu na robo. Karani akaenda getini. Mganga akakaa pembeni, macho kafumba. Fundi akaketi mbele ya kioo kilichozimwa, mikono mapajani, akasikia vitufe vya meza ya wifi yake vikibonyezwa kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na harufu ya nywele ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na bado hakugeuka, akihesabu dakika, ishirini, ishirini na tano, ishirini na nane, hadi vitufe vikanyamaza ghafla na pumzi ya moto ikamgusa shingoni.

"Wifi yangu," sauti ya karani ikamwambia sikioni, imejaa kilio, "nusu saa imepita. Angalia basi kama kimetoka. Nitafukuzwa mimi."

Roho ikamuuma. Siku zote zile alimshuku bure. Akawasha kioo, akaufungua mstari.

Upo. Dakika thelathini zilikuwa zimeanza upya, na saa nne isingezingoja.

Mganga akafumbua macho. "Nani amekwambia uangalie?"

Simu ya Fundi ikaita. Akaipokea.

"Wifi," karani akasema, na nyuma yake zilisikika honi za barabarani. "Nipo bado hapa getini. Tayari? Nije?"

Fundi akaishusha simu. Kwenye meza ya karani kiti kilivutwa, na mtu akakaa.