Kilio cha Mwenyekiti

Jamani, mwanangu alilia ukumbini watu mia mbili wakapiga mayowe... na mwanangu huyo nilimzika miezi saba iliyopita!

Msinikimbie. Akili zangu timamu kabisa. Sikilizeni.

Mume wangu ni fundi sauti wa filamu. Walikuwa wanaonyesha filamu yao mpya ya kutisha, ya mama aliyefiwa anayemsikia mtoto wake ndani ya ukuta. Akanikataza kabisa nisiende.

Sasa mume akikukataza kufika anakofanyia kazi, wewe utadhani nini? Mchepuko! Nikajifunga kibwebwe, nikaenda kufumania.

Sikumkuta mwanamke. Nilimkuta mwanangu.

Kwenye spika za ukumbi alilia mara mbili, kisha kwikwi moja. Hakuna mtoto mwingine analia vile. Tulimwita Mwenyekiti, kwa kile kitambi chake cha miezi mitano.

Nikasimama. "Huyo ni mwanangu! Zimeni! Huyo ni mwanangu!"

Watu wakapiga makofi. Eti walidhani nimekodiwa kuwatisha!

Nikamkamata mume wangu shati kwenye korido.

"Umemuuza mtoto wangu kwa wala bisi?"

"Mke wangu, tutoke nje, tafadhali..."

"Jibu!"

"Huwa tunaweka sauti yoyote ishike nafasi, halafu tunaibadilisha. Hiyo... nilishindwa kuitoa."

Mwongozaji akatokea mbio. "Shemeji, sauti hiyo ndiyo filamu yenyewe. Haitoki!"

"Itatoka leo hii, au mimi mtanitoa kwa machela!"

Tukaenda studio, mimi mbele, wao nyuma. Nikamwonyesha mume wangu mashine.

"Futa."

"Nikifuta, hakuna nyingine duniani. Kwenye simu ulifuta zote wewe mwenyewe."

Kweli. Baada ya mazishi nilifuta picha na sauti zake zote, nikagawa nguo, nikatoa amri: atakayemtaja mtoto ndani ya nyumba hii, naondoka.

Sasa nawaambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia hata mama yangu mzazi. Mchana ule nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka, mtoto alikuwa wa baridi. Miezi saba nimeamini alinililia, na mimi nikakoroma. Nilijiona muuaji, wapendwa. Nilitamani kufa.

"Sikiliza yote kwanza," mume wangu akasema. "Siku ile niliacha kinasa sauti dirishani, nilikuwa nanasa mvua."

Siku ile?! Akabonyeza.

Mvua. Kilio. Kwikwi...

Kisha kandambili. Zangu!

"Nimekuja, Mwenyekiti. Mama yupo hapa." Sauti yangu, nzito ya usingizi, na wala sikumbuki kuamka! Akanyonya kwa pupa kama kawaida yake. Kitanda chake kikalia, namrudisha. Halafu mvua tu, mpaka mwisho.

"Hakulia tena," mume wangu akasema. "Nimesikiliza saa zote mbili, sijui mara ngapi. Uliamka, mke wangu. Ulimnyonyesha. Alilala tu, hakuamka."

"Nani kakwambia mimi...?"

"Kila siku unaomba msamaha usingizini."

Nikampiga kifuani kwa ngumi. "Kwa nini hukuniambia?!"

"Ulisema nikimtaja unaondoka. Nilishazika mmoja. Ningebaki na nani?"

Nikamwegemea kifuani palepale nilipompiga. Mimi, niliyekuja kufumania!

Tukahifadhi sauti ya Mwenyekiti sehemu tatu tofauti, ndipo ikatolewa kwenye filamu. Mwongozaji akashika kichwa. "Mzuka gani usiolia? Mmeniua!"

Nikaingia chumba cha kurekodia, nikafunga mlango. Msibani sikutoa chozi, ndugu zangu. Watu walinisema nina roho ya chuma. Mle ndani nililia mpaka nikakaa sakafuni.

Nilipotoka, mwongozaji alikuwa anafuta macho.

Kwa hiyo mkiiona filamu hiyo, mkisikia kilio kinachowasimamisha nywele, si cha mtoto. Ni changu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kiliniumbua mbele ya watu mia mbili, na nashukuru. Mkifiwa, msipige marufuku jina la marehemu nyumbani. Miezi saba mimi na mume wangu tumelala kitanda kimoja, kila mtu na msiba wake, na dawa yangu alikuwa nayo yeye, anaogopa kunipa.