Kompyuta Iliyolilia Jina

Laptopu ya Deusdedit ilinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiojua jua. Ritha aliifuta kwa spiriti mara mbili, akajisemea kwamba Geita kila kitu kina udongo, hata sukari.

Akaiwasha. Nembo ikatokea, vidoti vikazunguka, kisha maneno meupe: inajitengeneza yenyewe, tafadhali subiri. Ritha akasubiri. Skrini ikawa nyeusi, nembo ikatokea tena, vidoti vikazunguka, inajitengeneza yenyewe, tafadhali subiri. Mafundi wote wanaijua homa hiyo, na dawa zake Ritha alizitoa moja baada ya nyingine. Aliizima kwa nguvu mara tatu, haikujali. Alichomeka flashi, haikusomwa. Kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imejitengeneza mara arobaini, na haikupona hata mara moja.

Siku nyingine angemwambia mteja aje kesho. Leo hakukuwa na kesho. Duara la Deusdedit, shimo lake la dhahabu, lilikuwa limetitia juzi na kufukia watu watatu, na ramani pekee ya njia za chini ilikuwa humo ndani. Mmoja wa hao watatu alikuwa Maganga, mdogo wake Ritha wa tumbo moja.

"Hukuihifadhi kwingine?" alimuuliza Deusdedit kwa mara ya tano.

"Dada Ritha, ningekuwa nimeihifadhi, ningekuwa nimekaa hapa?"

Alitamani kumchoma kwa bisibisi. "Ilianza lini?"

Deusdedit aliteremsha sauti. "Wiki iliyopita nilishuka nayo. Vijana walitoboa ukuta wakakuta njia. Pana, safi, kama imefagiliwa. Hatukuichimba sisi, wala waliotutangulia. Nikaipima, nikaichora. Tangu nilipopanda nayo juu haijafunguka."

"Na Maganga na wenzake?"

"Wako kwenye njia hiyohiyo."

"Na hilo ulikuwa unalitunzia nani tangu asubuhi?" Ritha alifungua tumbo la mashine, akachomoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake ya kazi. Ilikuwa tupu, haina faili hata moja. Alipogeuka kumpa Deusdedit habari hiyo, laptopu ilikuwa bado inawaka mezani, tumbo wazi, diski haimo, vidoti vinazunguka. Inajitengeneza yenyewe, tafadhali subiri.

"Sasa inatengeneza nini?" Deusdedit alinong'ona.

Feni ya ile mashine ilikuwa imeanza kuvuma kwa mikupuo, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, kama kifua cha mtu aliyelala chali kwenye kina kirefu, na kila ilipoachia ile harufu ya udongo ilitanda kibandani mpaka ikafunika harufu ya risasi ya kuchomelea, na ingawa nje jua la saa tano lilikuwa likikaanga mabati na bodaboda walikuwa wakibishana palepale mlangoni, vidole vya Ritha juu ya meza vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

"Hiyo haijaharibika," alisema mama yake polepole. Mama Vumilia alikuwa kwenye kigoda pembeni tangu alfajiri akingoja habari za mwanawe, chai yake imeota utando. "Inalilia jina."

Usukumani mtoto mchanga asiyenyamaza hutajiwa majina ya marehemu, moja moja, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Ritha alilijua hilo tangu utotoni.

"Mayu, hii ni mashine," alimwambia mama yake.

"Umeitibu kama mashine tangu asubuhi. Imepona?" Mama alivuta kigoda karibu. "Nitataja waliofia kwenye shimo lile. Ila aliye hai asitajwe. Ukiipa jina la aliye hai, itakwenda kukaa kwa mwenyewe."

Deusdedit akamnong'oneza majina, naye akayataja. Bujiku. Ignas. George. Kila baada ya jina skrini ilizimika, ikangoja kidogo kama inayosikiliza, ikaanza upya. Sostenes. Mwita. Inajitengeneza yenyewe, tafadhali subiri.

Simu ya Deusdedit ikaita. Alisikiliza, akaishusha. "Wale wanaofukua wanasema waliofukiwa wameacha kugonga mawe."

Hapo uvumilivu wa Ritha ulikatika. Aliikamata mashine kwa mikono miwili akaitikisa. "Maganga anakufa na wewe unajitengeneza," alisema huku machozi yakimtoka. "Maganga, unasikia? Maganga."

Feni ikanyamaza. Skrini ikang'aa, ramani ikafunguka, kila mstari mahali pake. Deusdedit aliipiga picha, akarukia bodaboda bila kuaga. Mama Vumilia alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Ramani haikukosea hata hatua moja. Jioni hiyo watatu wote walitolewa wazima, vigelegele vikapigwa, na daktari akashangaa kwamba Maganga hakuwa na mkwaruzo.

Leo ni wiki ya tatu. Laptopu inafanya kazi vizuri na hainuki tena. Anayenuka ni Maganga, hata mama amwogeshe mara ngapi. Hukaa kwenye mkeka uani, mboni zikizunguka taratibu, kisha humtazama Ritha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Maganga. Umeamkaje?"

Hufungua mdomo kujibu, na Ritha humwona mdogo wake mwenyewe akipanda kutoka mbali, amekaribia kabisa kufika. Kisha macho huzimika, kifua huvuta na kuachia, na mboni huanza kuzunguka upya. Shikamoo dada. Mara arobaini kabla ya chai.

Mganga waliyemleta kutoka Kagongwa alimwekea sikio kifuani, akasikiliza, akarudisha kuku aliyepewa. "Ingekuwa imeingia kwa wizi, ningeifukuza," alisema. "Hii mmeipa jina wenyewe. Siwezi kuitoa kwenye jina lake."

Ritha anajua kosa ni lake, na hakuna bisibisi ya kulifungua. Jana alichoka kuitikia, akainuka aondoke. Maganga akamtazama, kisha akasema kwa upole, kwa sauti isiyo na lafudhi ya Kisukuma hata chembe:

"Inajitengeneza yenyewe. Tafadhali subiri."

Ritha akakaa kwenye mkeka kando yake, akasubiri.