Kopo la Verna

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Verna Stultz, jirani yangu huku milimani West Virginia, mwanamke asiyeweza kutunga hata uongo wa kukwepa kanisa.

Verna alikuwa amechoka. Mumewe yuko kitandani, hajiwezi, na raha pekee aliyobaki nayo ni kulenga makopo kwa kibastola chake cha risasi ndogo. Nacho kikaanza kugoma. Alikisafisha, akabadilisha springi, wapi! Kaka yake Delbert akamcheka: "Dada, hicho sasa ni cha kugongea misumari. Nipe mimi."

Verna akamjibu: "Ngoja nijaribu mara ya mwisho. Kikigoma, chukua, unipumzishe na mdomo wako."

Jioni akaenda peke yake kwenye shimo la zamani la changarawe, akaweka kopo la maharagwe mbele ya ukuta wa udongo. Giza lilishaanza kujaa shimoni. Akafyatua. Ta! Risasi haikulipuka. Basi akafanya tunavyofundishwa sote: hakushusha mkono, akasubiri akiendelea kulenga, maana risasi mbovu huweza kuchelewa.

Kimya. Hata vyura walinyamaza.

Mara mlio ukapasuka, kopo likaanguka.

"Afadhali," akasema Verna, akafungua bastola. Risasi ilikuwemo, nzima, baridi, na alama ya pini iliyoigonga ukingoni.

Akaliokota kopo. Upande wa ukutani lilikuwa na tundu dogo, safi, la risasi inapoingilia. Upande wa pili bati lilikuwa limechanika na kuchomoza nje, kuelekea pale alipokuwa amesimama.