Kidole cha Wifi

Kila asubuhi watu wawili walitoka nyumbani kwa fundi viatu kwenda kwenye kazi ya mtu mmoja.

Mke wa fundi alikuwa mfuaji katika hospitali kubwa. Alikuwa amefua mashuka pale miaka kumi na minne. Wifi yake, yaani dada wa fundi, hakuwa na kazi hospitalini. Alikuwa na kidole tu.

Mambo yalianza hivi. Hospitali ilifunga mashine ya mahudhurio getini na kuondoa kitabu cha kusaini. Kila mfanyakazi alitakiwa kubonyeza kidole kwenye kioo cha mashine, akiingia na akitoka. Siku ya kusajiliwa, mke wa fundi aliweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akajaribu vyote kumi. Vyote vikakataliwa. Dawa za kufulia zilikuwa zimekula alama za vidole vyake, ncha zikawa laini kama kipande cha sabuni.

Msajili alitoka kupokea simu. Wifi alikuwa amekuja kumletea mke wa fundi chakula, akaona mwenzake anakaribia kulia.

"Usijitese. Weka changu," alisema, akakibandika pale pale.

Mashine ikakubali. Jina la mmoja, kidole cha mwingine. Walicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Kesho yake kicheko kiliisha. Asubuhi na jioni, wifi alilazimika kwenda getini. Alijifanya anamshikia mwenzake mkoba, akapenyeza kidole wakati mlinzi anafungulia magari. Mke wa fundi alitokwa jasho kila siku. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Kisha wifi akapata kazi ya kushona katika mji mwingine. Alitakiwa kuondoka Jumatatu.

Nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Mtu asiposomwa siku tatu, mashine ilituma barua ya kuachishwa kazi yenyewe, bila kumuuliza mtu.

"Nikikate nikuachie?" wifi alitania.

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi mchana jirani yao alikuja kuchukua kiatu chake. Alikuwa karani wa ofisi ya kazi, mwanamke asiyezunguka katika maneno. Alimtazama mke wa fundi akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Jirani, una nini?"

"Sina kitu."

"Anacho," fundi alisema huku ameinamia kiatu. "Mwambie, mama watoto. Tutakufa na siri hii."

Akamwambia yote. Karani akavuta kigoda, akakaa.

"Sheria ya kazi iliandikwa wakati watu wanasaini kitabu," alisema. "Mashine zikaja mbio, sheria ikabaki nyuma inahema. Sasa kanuni mpya zimetoka. Zina mwaka mmoja tu, hata mabosi wengi hawajazisoma."

"Zinasemaje?"

"Alama ya kidole chako ni taarifa yako. Anayeichukua akueleze anaitaka ya nini na ataiweka wapi. Mashine ikishindwa kukusoma, mwajiri akupe njia nyingine, kadi au kitabu. Na mashine peke yake haiwezi kumfukuza mtu. Lazima binadamu aangalie kwanza, tena akusikilize."

"Kwa hiyo sina kosa?"

"Unalo. Kuweka kidole cha mwingine ni udanganyifu. Sikufichi."

Mke wa fundi alishika kichwa. "Basi nikisema, kazi imekwenda."

"Wanaweza kukuadhibu. Lakini wakikugundua wenyewe itakuwa vibaya zaidi. Sema kosa lako, na sema lilianzaje: mashine ilishindwa, na hukupewa njia nyingine. Andika barua, nakala mbili. Moja wapige muhuri, ubaki nayo. Wakikataa kukusikiliza, njoo ofisini kwetu. Hatutozi kitu."

Barua waliiandika pamoja mezani. Wifi naye alitia sahihi, bila utani safari hii.

Jumatatu, mke wa fundi alifika getini peke yake. Alienda moja kwa moja kwa msimamizi, akampa barua. Msimamizi alisoma barua mara mbili.

"Miezi mitatu?"

"Ndiyo, bosi."

"Na huyo wifi yako yuko wapi?"

"Kwenye basi."

Msimamizi alivua miwani. Alikuwa amekasirika. Hata hivyo alipiga muhuri nakala, akamwambia asaini mahudhurio kwenye karatasi mpaka atakapozungumza na mwanasheria wa hospitali. Arudi Alhamisi.

Siku hizo hazikwenda. Mke wa fundi alifua huku masikio yakiwa mlangoni. Nyumbani alikula matonge mawili akasukuma sahani.

Alhamisi msimamizi alimpa karatasi. Lilikuwa onyo la maandishi kwa sababu ya udanganyifu. Kisha akampa kadi yenye picha yake.

"Utapita na hii. Kidole cha wifi yako tumekifuta. Na hakuna atakayefukuzwa tena kabla mimi sijamsikiliza."

Mke wa fundi alishukuru, akageuka aondoke.

"Ngoja, usikie hili," msimamizi alisema. "Barua yako imetufanya tukague wote. Wafuaji na wapishi tisa hawasomeki vizuri; leo mashine inawakubali, kesho inawakataa. Mmoja wao tulimwachisha kazi kwa utoro, mzee wa jikoni. Nimefungua daftari la stoo. Siku zote ambazo mashine inasema hakuja, alisaini kuchukua unga."

Akampigia mzee simu kwa spika, sauti ikasikika ofisi nzima.

"Mzee, tulikosea. Ulikuwa unakuja kazini kila siku. Rudi Jumatatu."

Msimamizi akainamia simu.

"Mzee, upo?"

"Nipo," sauti ilijibu taratibu. "Ngoja nimpe mke wangu simu. Mimi hakuniamini. Mwambie wewe."