Gemu Zisizopata Mrithi

Pedi ya pili ya kuchezea gemu ilikuwa ya moto. Alfred alikuwa amefungua banda lake la gemu nyuma ya soko la Ruangwa, akaishika ile pedi aifute vumbi, akaiachia upesi. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu aliyetoka kucheza muda huo huo. Banda lilikuwa limefungwa kufuli tangu jana, na ufunguo alilala nao.

"Panya hao," alimwambia mkewe Brigita, aliyekuwa akichoma vitumbua mlangoni kwa ajili ya wateja.

"Panya gani anacheza gemu ya mpira?" Brigita akacheka. Siku hiyo walikuwa bado wanacheka.

Mashine ya gemu ilikuwa ya Anselmo, kaka yake Alfred, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki barabara ya Kilimarondo. Siku ya arobaini, kwao Nachingwea, mama yao Dionisia aligawa vitu vya marehemu inavyotakiwa: kila kitu kilipakwa unga kidogo, kikatajwa, kikawekwa mkononi mwa mtu. CD za gemu nazo zikapakwa unga, wakapewa wapwa, ambao waliziuza kabla pilau halijapoa, na hakuna aliyeota ndoto mbaya. Mashine akapewa Alfred. Lakini gemu nzuri kuliko zote, zile zinazojaza banda, hazikuwa na CD. Anselmo alizinunua mtandaoni, zikakaa ndani ya akaunti yenye jina lake. Hakuna aliyezishika, hakuna aliyezitaja. Unga ungepakwa wapi? Na huku kwetu inajulikana kwamba kitu cha marehemu kisichopewa mtu hujitafutia mtu chenyewe.

Alfred hakuliwaza hilo. Aliwaza banda. Aliwaandikia wenye kampuni ya gemu, kijanja, kama anayemuulizia jirani: mtu akifa, ndugu yake anaweza kurithi gemu zake? Wakamjibu kwa adabu kwamba marehemu hakununua gemu, alinunua ruhusa ya kuzicheza, na ruhusa hairithiwi. Mwenye jina akifa, akaunti inafungwa.

"CD ningeishika mkononi nikasema hii ya kaka, sasa yangu," alinung'unika. "Hii ni mali gani, haishikiki?"

Wiki hiyo hiyo mashine ikamtaka mwenye akaunti ajithibitishe. Alfred akaandika, huku akisoma kwa sauti ili mkewe acheke: "Mimi ndiye Anselmo. Niko mzima."

Brigita hakucheka. Aliweka mwiko chini. "Alfred, jina la marehemu linapokelewa mbele ya wazee, kwa maji na unga. Halichukuliwi kama chumvi kwa jirani. Lifute."

"Mke wangu, hayo ni mambo ya kompyuta."

Jibu likaja kwenye kioo: Karibu tena, Anselmo. Na harufu ya maganda ya korosho yanayoungua ikaingia bandani, nzito, ya kukaba koo, wakati msimu wa korosho ulikuwa bado mbali na hakuna aliyewasha moto popote pale sokoni.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kesho yake mchana, bandani kukiwa na wateja, vitufe vya pedi ya pili vilianza kubonyea vyenyewe, tik, tik, tik, na mchezaji kwenye kioo akakimbia uwanjani, akafunga bao, kisha akasimama akiwageukia watu. Wateja walitoka mbio, wengine bila viatu. Jioni umeme ulikatika mji mzima, maduka yakawa giza, jenereta zikaanza kunguruma, lakini kioo cha banda la Alfred kiliendelea kuwaka bila waya wowote kukipa moto, na Brigita, aliyekuja kumwita mumewe wale, alimkuta amekaa mbele ya kioo hicho na pedi mkononi, macho hayapepesi, jasho linamtiririka mpaka kiunoni, akiongea kwa sauti nene, ya taratibu, sauti ambayo Brigita aliifahamu vizuri, sauti ya shemeji aliyemsindikiza mwenyewe mpaka makaburini.

"Alfred," alinong'ona.

Hakugeuka. Brigita akatoka nje.

Akampigia simu mama mkwe Nachingwea, akamwita na mganga, Bi Sikudhani, kutoka Nambilanje. Wote wawili walifika siku iliyofuata. Bi Sikudhani alinusa mlangoni tu, akarudi nyuma.

"Hili ni jini," alisema polepole. "Limekuta mali haina mwenyewe, likakaa. Halafu huyu akalipatia na jina. Dionisia, sikiliza. Brigita atafuta hiyo akaunti. Ikifutika, wewe utamwita mwanao, mara moja tu. Utakayemtaja ndiye atakayebaki. Sauti utakayoisikia ni ya Anselmo, lakini mwenye sauti siye. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

Unga ukamwagwa mlangoni. Brigita akabonyeza kufuta. Gemu zikapotea moja baada ya nyingine, kioo kikawa cheusi, na Alfred akaanguka kwa magoti akitweta. Harufu ikapungua. Midomo yake ikatoa sauti yake mwenyewe, nyembamba: "Bri..."

"Mwite sasa!" Bi Sikudhani alisema.

Ndipo sauti ile nene ikapanda ikaifunika. "Mama. Mmegawa vitu vyangu vyote. Mimi nimebaki na nini? Baridi, mama."

Dionisia alimtazama. Alijua. Alikuwa ameambiwa, na alikuwa ameelewa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakupata hata kumuaga yule aliyeletwa amefunikwa kanga.

"Mama, usimwite yeye!" Brigita alilia. "Huyu ni mume wangu! Mwite Alfred!"

Dionisia alifungua mikono. "Anselmo," alisema. "Njoo, baba."

Akaenda. Alitambaa kwa magoti juu ya ule unga, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, naye akampapasa nywele huku akilia kwa furaha. Bi Sikudhani alichukua mfuko wake, akatoka bila kuaga. Brigita aliita Alfred, akaita tena, mpaka sauti ikamkauka.

"Mama," aliuliza yule aliyelala mapajani, "huyu dada anamlilia nani?"