Posa na Homa ya Tandika

Rukaiya alifika soko la Mabibo saa nne asubuhi kumtafuta mtu aliyekufa, akamkuta anakula chipsi mayai.

Video ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu tangu jana yake. Muuza ndizi ameanguka katikati ya soko, macho yamegeuka, na mtu anapiga kelele kwamba ugonjwa mpya umeingia Dar na watu saba wameshakufa. Kazi ya Rukaiya ilikuwa hiyo. Ofisi yao ndogo ya Mikocheni ilisikiliza fununu za magonjwa nchi nzima, ikazichuja, na ikionekana moja ina ukweli na inaweza kuvuka mipaka, dunia ipelekewe taarifa haraka. Fununu mia, ukweli mmoja. Hizo tisini na tisa nyingine ni za kumaliza mafuta ya gari na soli za viatu.

"Kaka, samahani," alisema, jasho likimtiririka chini ya hijabu ya kahawia, raba zake nyeupe zimeshaingia matope. Akamwonyesha simu. "Unamfahamu huyu aliyeanguka?"

Kijana alitazama video huku anatafuna. Alikuwa na mabega mapana, jezi iliyopauka na kandambili, na nyuma yake mikungu ya ndizi ilipangwa hadi kwenye mabati.

"Namfahamu sana. Ni mie."

"Wewe? Si wanasema umekufa?"

"Ndo nasikia na mie. Mama anapigiwa simu za pole tangu jana. Karibu chipsi, dokta."

Rukaiya alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akatoa fomu. Jina? Fakihi. Homa? Hana. Kutapika? Hakutapika. Amesafiri nje ya nchi? Hajafika hata Zanzibar. Jana alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, vibarua hawakutokea, akajitia kushusha lori la ndizi peke yake kwenye jua la saa saba.

"Na swali la kama nimeoa?" aliuliza Fakihi. "Halimo humo?"

"Halimo."

"Basi fomu yenu ina upungufu. Sijaoa. Andika."

Hakuandika. Lakini jioni alimpigia simu kumuuliza hali yake, na simu hiyo hakutumwa na ofisi.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya miezi minane soko zima lilikuwa linamwita Rukaiya shemeji, na mama yake kule Kibamba alishajua kwamba ndizi za mzuzu zinazoletwa kila Jumapili hazitoki hewani. Tatizo lilikuwa simu ya kazini. Ilimtoa Rukaiya kwenye harusi ya binamu wa Fakihi, sahani ya pilau ikiwa mapajani. Ilimtoa ufukweni na nguo mpya ya kitenge, hata maji hajayakanyaga.

"Kuna nini tena, kipenzi?"

"Siwezi kusema."

"Hata mie?"

"Hata wewe, mpenzi. Nisamehe."

Hilo "siwezi kusema" lilimkereketa Fakihi kuliko kuachwa kwenyewe. Na Rukaiya lilimkereketa zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa analimeza. Mwaka mmoja kabla hawajajuana, jina la mtaa wa mgonjwa mmoja lilivuja kutoka ofisini kwao. Kabla gari halijafika, watu kumi na wawili waliomuuguza mgonjwa walikuwa wameshapanda mabasi kukimbia karantini, kila mmoja na mkoa wake. Ilichukua wiki tatu kuwapata. Tangu siku hiyo alifunga mdomo.

Hata hivyo Fakihi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alipanga posa. Jumamosi baada ya alasiri washenga wawili, mmoja akiwa mjomba wake anayeishi nao nyumba moja, wangepeleka barua Kibamba. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa ameshanunua kitambaa cha hariri cha kuifungia. Bi Chausiku alijulikana Tandika yote. Akifariki mwanamke mtaani, yeye ndiye aliyeitwa kuosha maiti, na hakuwahi kudai hata senti kwa kazi hiyo.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, simu ya Rukaiya ikaita.

Mwanamke mmoja wa Tandika, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amerudi kutoka safari ya nje siku nane zilizopita. Akashikwa na homa kali, na jirani alisema alitokwa damu puani mpaka shuka zikalowa. Alifariki Alhamisi alfajiri, akazikwa mchana, na hakuna aliyemtoa damu ya kupima. Sasa mumewe, Mzee Mbwana, alikuwa amelazwa na homa hiyo hiyo.

Bosi wake, Dokta Leonardi, alimsomea maswali manne ambayo wote waliyajua kwa moyo. Madhara ni makubwa? Si jambo la kawaida? Linaweza kuvuka mipaka? Nchi nyingine zinaweza kutufungia safari na biashara? Zikipatikana ndiyo mbili, taarifa inaondoka nchini.

"Tuna saa arobaini na nane," alisema Leonardi. "Damu ya mume imeshakwenda maabara. Mie nataka kujua hiyo ya puani ni kweli au ni ya majirani. Nani aliuosha mwili?"

Tandika muoshaji anayeitwa ni mmoja, na Rukaiya alimjua. Alitoka nje, akampigia Fakihi.

"Mpenzi, mama jana alikuwa wapi?"

"Kuna nini?"

"Nijibu tu. Aliosha maiti jana?"

Sauti ya Fakihi ikaja imebadilika. "Kumbe. Kwenu wameanza kumchunguza mama yangu? Kesho posa, leo mnaulizana kama mtoto wenu aolewe kwa muosha maiti?"

"Si hivyo Fakihi, wallahi."

"Ni vipi basi?"

"Siwezi kusema."

Simu ikakatwa. Rukaiya alirudi ndani akamwambia Leonardi ukweli wote, kwamba muoshaji ni mama mkwe wake mtarajiwa, atumwe mtu mwingine. Leonardi alimtazama kwa huruma isiyosaidia kitu.

"Revelian yuko mpakani. Hope amejifungua juzi. Nimtume nani, Rukaiya? Dereva?"

Kwa hiyo alikwenda. Gari jeupe la ofisi lilisimama mbele ya nyumba ya Bi Chausiku saa nane mchana, watu wakitoka swala ya Ijumaa. Akashuka na barakoa, glovu na kizibao cha kung'aa, pamoja na nesi Jenipher aliyebeba sanduku. Mtaa mzima ukasimama kutazama. Fakihi alitoka mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa.

"Hivi ndivyo unavyoingia kwetu mara ya kwanza?" alisema polepole. "Na glovu?"

Ilikuwa kweli. Hakuwa amewahi kuingia nyumba ile, alikuwa anasubiri posa ipite. Rukaiya alitamani kulia, lakini barakoa ilikuwa usoni na saa zilikuwa zinakwenda.

"Shikamoo, mama," alisema alipofika ndani.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alimweleza Bi Chausiku alichoweza, kwamba kuna ugonjwa wanaufuatilia. Kisha akauliza alichotumwa. Marehemu alikuwa anatokwa na damu?

Bi Chausiku alikunja kanga yake magotini. "Maiti ni amana, mwanangu. Nilichokiona kule kwenye pazia ni baina yangu na yeye na Mola wake. Sikumwambia hata mumewe."

"Mama, watu wanaweza kufa."

"Na mie nikisema, nitasimama wapi siku ya hesabu? Aliyelala hawezi kujitetea."

Jenipher alijaribu. Rukaiya alijaribu tena. Mama akatikisa kichwa kila mara, bila hasira, na ule upole ndio uliomchosha Rukaiya kuliko kelele. Alikuwa na njaa. Nyuma yake Fakihi alipumua kama mtu anayehesabu dakika za kumfukuza. Rukaiya akafunga fomu, akafikiri.

"Mama," alisema hatimaye, "usiniambie ulichokiona. Niambie ulichokifanya. Kazi yako wewe, mikono yako."

Bi Chausiku aliinua macho. "Kazi yangu naweza kusema."

"Mliosha mara ngapi?"

"Mara tatu, ya mwisho na karafuu maiti. Hatukurudia."

Rukaiya alijua, kama ajuavyo kila aliyekulia pwani, kwamba mwili ukiendelea kutoa kitu huoshwa tena, mara tano, mara saba, na pamba huisha.

"Na pamba?"

"Nilikwenda na pakiti mbili. Moja sijaifungua, ile pale kabatini."

"Mlivaa glovu?"

"Sote. Yangu ilichanika kidole gumba."

Kalamu ikasimama. Kwa hiyo damu ya puani ilikuwa imetiwa chumvi, na jibu la swali la pili, lile la jambo lisilo la kawaida, halikuwa ndiyo. Bado. Lakini kulikuwa na kidole gumba, na Mzee Mbwana alikuwa anatetemeka wodini. Rukaiya aliweka kipimajoto mezani.

"Mama, mpaka majibu yatoke, hamtatoka nyumba hii. Wote. Mtajipima homa asubuhi na jioni."

"Na kesho?" aliuliza Fakihi. "Mjomba na barua?"

Alimgeukia. Ndani ya kanzu ile nyeupe Fakihi alikuwa mzuri mno siku hiyo, na hilo nalo lilimuuma.

"Kesho msiende popote," alisema. Kwa mdomo wake mwenyewe aliizuia posa yake.

"Ungenipigia simu moja tu ya ukweli, Rukaiya. Moja. Ningemwandaa mama. Majirani wasingemwona anaingiliwa kama mwizi."

"Siku—"

"Hukuweza kusema. Najua. Basi na mie sina la kusema. Hiyo barua haitakwenda kesho wala keshokutwa."

Jumapili saa mbili asubuhi majibu yakatoka. Mzee Mbwana alikuwa na homa ya dengi, ya mbu wa hapa hapa mjini, na alikuwa anapata nafuu. Hakuna taarifa iliyoondoka nchini. Leonardi alimpongeza kwa zile pakiti za pamba, akamwambia aende akalale. Rukaiya alipiga simu Tandika mara nne, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: Mko salama wote, mnaweza kutoka. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: Asante kwa taarifa, dokta.

Alikuwa ameshinda na ameshindwa siku moja, na hakujua amkasirikie nani.

Jumatatu alifariki mwanamke mtaa wa pili. Wafiwa walimfuata muoshaji mwingine Mtoni, wakapita mbele ya mlango wa Bi Chausiku bila kubisha hodi. Rukaiya alipopata habari hizo kwa Jenipher, hakuweza kukaa. Jumanne alivaa dera la zambarau, akapaka wanja, akaacha kitambulisho ofisini, akaenda Tandika.

Alianza kwa majirani. Nyumba kwa nyumba aliwaeleza kwamba ilikuwa dengi, haiambukizwi kwa kugusana, na kwamba Bi Chausiku ndiye aliyesaidia ijulikane mapema. Ndipo akaenda kwenye ule mlango. Fakihi alikuwa amekaa barazani na fulana, hajanyoa ndevu.

"Nimekuja kumwomba mama radhi," alisema Rukaiya.

"Na mie?"

"Na wewe. Kwa gari, na glovu, na watu kutazama. Yote hayo nisamehe."

"Na kunificha?"

Rukaiya aliuweka mkoba wake kwenye ukingo wa baraza. Fakihi alishuka ngazi akasimama karibu naye, ananukia sabuni na soko.

"Nakupenda, unajua. Hata hizi siku nne nilizojitia kiburi nimeshindwa kula. Sasa nikuulize kitu kimoja, usinidanganye. Nikikuoa, siku kama ile ikirudi, tena labda ni mama yangu, labda ni mtoto wetu. Utaniambia kabla?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mwanamke mwingine angesema, posa ikaenda, na mengine yangeonekana mbele kwa mbele. Rukaiya machozi yalimtoka.

"Hapana," alisema. "Sitakuambia, mpenzi. Nitakuja mbio, lakini sitakuambia."

Fakihi aligeuza uso pembeni. Rukaiya akachukua mkoba wake aondoke.

"Fakihi." Bi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. "Mie miaka thelathini na moja naosha. Marehemu baba yako kalala ubavuni kwangu karibu yote hiyo. Hata siku moja hakuniuliza leo umeona nini. Akiniona nimerudi nimenyamaza, alikuwa ananitilia maji ya kuoga, basi." Alimtazama Rukaiya, kisha mwanawe. "Wewe unadhani nilikuwa simpendi?"

Fakihi alijifuta uso kwa mikono yote miwili, akatoa simu, akampigia mjomba wake aliyekuwa kazini.

"Mjomba, ile barua bado unayo? Jumamosi hii Kibamba, baada ya alasiri." Akamtazama Rukaiya. "Utakuwepo nyumbani?"

"Inshallah."

"Rukaiya."

"Ndiyo niliyonayo, Fakihi. Inshallah."

Akarudisha simu sikioni. "Nendeni tu, mjomba," alisema. "Hata kama mwenyewe hayupo, barua wanapokea wazee."