Mume Wangu Alikana Kaburi la Mwanetu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mkulima wa tumbaku huku Sikonge. Haya mambo yananitia kichefuchefu hadi leo, lakini wacha niyatapike, wasomaji wenzangu, pengine nitapumua.

Nilijifungua mapacha. Kulwa, aliyetangulia kutoka, alifariki siku ileile, Doto aliyemfuata akabaki. Kwetu kichanga huzikwa na kina mama tu, nyuma ya nyumba, bila msalaba wala matanga. Mama mkwe alimzika kwenye migomba. Kila nikifagia uwanja nilikuwa namsalimia mwanangu.

Ndipo wakaja watu wa mgodi wa dhahabu... Wakasema makaburi yote yatahamishwa kwa heshima, kila mwenye mji aonyeshe ya kwake. Na mwenye mji ni nani? Mwanamume! Sisi tulikuwa jikoni tunawapikia wageni wali.

Mume wangu akaonyesha kaburi la baba yake na la babu yake. Wakamuuliza kama kuna lingine, akasema hakuna! Nikatoka na mwiko mkononi, nikasema yupo Kulwa. Mume wangu akacheka.

"Msimsikilize huyu," akawaambia. "Kile kilikuwa kichanga tu, hakina hata jina."

Hakina jina? Na Doto niliyembeba mgongoni anaitwa Doto kwa kumfuata nani?

Wakamwamini yeye. Kumbe alishaahidiwa kazi ya ulinzi mgodini, akaogopa nitawachelewesha mabosi wake! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniambia mambo ya ndoa nikayamalize nyumbani.

Katapila lilipokuja nililala chini ya migomba. Aliyenishika miguu akaniburuta ni mume wangu, ndani ya sare mpya! Migomba, udongo, mwanangu... vyote vikapakiwa kwenye lori, vikamwagwa kwenye kifusi cha mgodi. Jioni akarudi ananukia pilau ya kambini, akaniuliza mbona sijapika. Ptuu! Nilitema mate mbele yake, nikambeba Doto, nikaenda kwa kaka yangu kule Igalula.

Dada zangu, nawasihi, mgodi ukija kwenu msikae jikoni. Tokeni wote, mwonyeshe wenyewe mlipozika, tena mbele ya mashahidi. Wanaume wanayajua makaburi waliyoyachimba wao tu.

Doto amekua, sasa anataka nimpeleke kwa pacha wake. Nimpeleke wapi? Kile kifusi kimezungushiwa seng'enge, na anayefukuza watu getini ni baba yake.